Mtori wa Mama

Huyu ni Anande. Anakaa Kibosho, katika nyumba iliyozungukwa na migomba. Leo mvua inanyesha, na ndani ya nyumba hakuna anayecheka.

Mama alikwenda hospitali kujifungua. Amerudi bila mtoto. Mtoto alizaliwa, akafariki.

Baba amekaa barazani. Anatazama mvua tu. Chai yake imepoa.

Mama amelala, amegeukia ukutani. Shangazi alimpelekea uji, hakunywa. Alimpelekea wali, hakula.

"Asipokula ataugua," Shangazi anamnong'oneza Baba.

Watu wazima wakiwa na huzuni hunong'ona sana. Anande anasikia yote. Anaogopa.

Anamfuata Shangazi jikoni. Kwao Anande, mwanamke akijifungua hupikiwa mtori, supu nzito ya nyama na ndizi. Anakula kila siku mpaka apate nguvu.

"Shangazi, mtori wa Mama uko wapi?"

"Sikupika, mwanangu. Mtori ni wa mzazi. Na mtoto hayupo."

Anande anafikiri.

"Lakini Mama si alizaa?"

Shangazi anakaa kwenye kigoda. Anajifuta macho kwa kanga.

"Alizaa," anasema. "Nimekosa mimi. Kalete ndizi."

Anande anamenya ndizi mbichi. Utomvu unaganda mikononi, vidole vinakuwa vyeusi tii.

Shangazi anabandika nyama yenye mifupa. Anakata vitunguu, karoti na hoho. Moshi umejaa jikoni, na wote wawili wanalia kidogo.

*Toko, toko, toko.*
*Iva polepole, Mama ale.*

Nyama inalainika. Sasa ndizi zinaingia, na mboga pia.

"Mama akikataa je?" anauliza Anande.

"Tutampikia tena kesho."

*Toko, toko, toko.*
*Iva polepole, Mama ale.*

Shangazi anatoa mifupa. Anaponda ndizi kwa mwiko. Pwata, pwata, pwata. Mtori unakuwa mzito na laini.

Anande anashika bakuli kwa mikono miwili. Anatembea taratibu, asimwage.

"Mama, nimekuletea mtori."

Mama hageuki. Mabega yake yanatikisika. Halafu analia kwa sauti, kilio kikubwa kinachofika mpaka barazani.

Anande anasogea karibu na kitanda.

"Nimekosea, Mama?"

"Hapana, mwanangu." Mama anainuka, anakaa. "Nilidhani mimi sitapikiwa."

"Umepikiwa kwa sababu umezaa," anasema Anande.

Mama anachukua kijiko. Anakula kidogo. Anapumzika. Anakula tena.

Baba amekuja mlangoni. Anasikiliza kijiko kikigonga bakuli, na uso wake unalegea.

"Wewe umekula?" Mama anamuuliza Anande.

"Bado."

"Njoo hapa."

Wanakula pamoja, bakuli moja, mpaka mtori unaisha.

Giza linaingia. Anande anapanda kitandani, analala ubavuni mwa Mama. Mama bado ana huzuni. Lakini ameshiba, na mkono wake una joto.

Kuna jambo ambalo Anande hakuthubutu kuuliza tangu Mama arudi. Sasa anauliza.

"Mama, mtoto wetu anaitwa nani?"

Mama anamgeukia. Kisha anamwambia, bila kunong'ona.

"Elinami."

"Lala salama, Elinami," anasema Anande.

Anafumba macho. Na Mama naye analala.