Tone la Divai Kizingitini

Jioni ile nilitoka kununua mafuta ya taa tu.

Duka la Harshad lilikuwa pembeni mwa Mtaa wa Sikukuu. Alinijazia mafuta kwenye chupa yangu, akainama chini ya kaunta, akaibuka na chupa nyingine, ndefu, imefungwa gazeti.

"Mwalimu, chukua hii. Divai nyekundu ya Italia. Bure."

"Bure, Harshad? Wewe?"

"Mimi sinywi. Mke wangu kasema ikilala humu tena, mimi nitalala nje." Akacheka, kisha akashusha sauti. "Ilikuwa kwenye sanduku nililonunua mnadani. Vitu vya Mzungu mmoja. Kafa peke yake chumbani, siku tatu hakuna aliyejua."

Ningeiacha palepale. Lakini nilikuwa mpweke. Mke wangu, Candida, alikuwa kwa mama yangu Kilimanjaro akisubiri kujifungua. Mimba mbili zilikuwa zimetoka. Hii ya tatu ilifika mwezi wa tisa, nami niliingoja habari yake katika chumba kimoja cha kupanga, Kariakoo, nisikojuana na mtu.

Mwenye nyumba, Bi Sitara, alikuwa barazani.

"Shikamoo, Bi Sitara."

"Marahaba, Mwalimu. Umebeba nini?"

"Mafuta ya taa."

"Chupa moja naiona. Na hiyo nyingine? Mafuta siku hizi yanavaa gazeti?"

Nikacheka, nikapita. Chini ya serikali ya Mwingereza, Mwafrika alihitaji kibali kunywa divai, nami sikuwa nacho. Nikafunga mlango. Nikawasha taa. Kizibo kilikataa kutoka. Nikakisukuma ndani kwa mpini wa kijiko.

Harufu ikapanda. Matunda yaliyoiva kupita kiasi... moshi... na chini yake, udongo uliolowa.

Nikamimina glasini, nikaonja. Nilitegemea utamu, kama divai ya altare niliyoiba funda moja nikiwa mtumikiaji misheni. Utamu haukuwepo. Ilichachua ulimi, kisha ukakasi ukakamata ufizi, kama zambarau changa. Nikameza. Joto likashuka taratibu, na ladha ikabaki, ikabaki, kama mtu aliyesahau kuondoka.

Ndipo nikakumbuka: nimekunywa kabla ya kumwaga. Kwetu Uchagani waliotangulia hupewa kwanza, na kila tone hutajiwa jina la mwenyewe. Nikainuka, nikamwaga kidogo kizingitini. Nimtaje nani? Wazee wangu hawakuijua divai hii. Nikaona haya, msomi mzima, kusema na sakafu. Nikasema tu:

"Ya yeyote asiye na wa kunywa naye."

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Mtaa ulinyamaza.

"Hodi..."

Sauti ndogo. Chini sana, usawa wa kizingiti.

"Karibu," nikajibu. Mdomo uliitangulia akili.

Mlango haukufunguka. Lakini kitanda changu kililia, krii... kama mtu amekaa. Taa ikafifia. Harufu ya udongo ikajaa chumbani. Na divai iliyokuwa glasini, mbele yangu, ikaanza kushuka.

Polepole.

Bila mkono.

"Wewe ni nani?" nilinong'ona.

"Hukusema."

"Unataka nini?"

"Jina... Umenikaribisha bila jina. Siwezi kukaa. Siwezi kuondoka. Nipe."

Ubaridi ulinigusa goti, ukapanda kifuani. Nikatoa jina la kwanza lililokuja ulimini, la marehemu baba yangu.

"Anaeli. Wewe ni Anaeli. Nenda nyumbani."



"Nyumbani," ikarudia ile sauti, kwa furaha.

Kitanda kikalia. Harufu ikatoweka. Nilikaa nikijisifu kwamba nimemfukuza.

Kisha nikakumbuka.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba. Mama hangengoja kuniuliza.

Kulipokucha nilikimbia posta kupeleka telegramu: wasimwite Anaeli. Karani alisoma jina langu, akanyoosha mkono nyuma yake, akanipa telegramu iliyotoka nyumbani. Mtoto wa kiume. Amezaliwa jana magharibi. Tumemwita Anaeli.

Nilikwenda kwa Harshad. "Yule Mtaliano aliitwa nani?"

"Mtaliano gani? Chupa ndiyo ya Italia. Mwenyewe hakuna aliyemjua, Mwalimu. Hata waliomzika."

Miezi mitatu baadaye Candida alishuka kwenye basi, akaniwekea mtoto mikononi. Mnene, mzima. Nikamwinamia. Pumzi yake ilinukia maziwa. Maziwa tu. Nikashusha pumzi.

Akafumbua macho. Akanitazama kwa adabu, kama mgeni anavyomtazama mwenyeji wake.

Sasa ana miaka miwili. Ni mtoto mzuri. Ila hawezi kukaa peke yake, hata dakika moja.

"Baba Anaeli," Candida huniuliza, "mbona humwiti mwanao kwa jina?"

Namjibu kwamba nimezoea kumwita mtoto. Huniangalia kwa huzuni, na mimi hugeukia ukuta. Nampenda. Lakini siku nitakayomwita, sijui ni nani atakayeitika.