Faili Lililopita Bila Kukaguliwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Karani humvalisha mama yake gauni. Huanza na mkono wa kulia, kwa sababu mkono huo hauinuki tena. Miezi miwili iliyopita mama huyu alikuwa akifua shuka za nyumba nzima. Siku moja akaanguka juu ya beseni. Kiharusi.

"Mama, si ulikuwa unapewa dawa za presha?" Karani aliuliza.

Mama alijibu polepole, ulimi mzito. "Kwenye dirisha la dawa waliniambia jina langu halimo. Mara mbili. Nikasema ninyamaze, nisikuaibishe kazini kwako, mwanangu."

Ulikuwa msumari wa moto juu ya kidonda. Orodha ile huandikwa na Karani mwenyewe. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, pale zahanati, hunakili kadi za wagonjwa kwenye kompyuta. Faili hutumwa bohari ya dawa. Huko mashine hulisoma na kufungasha dawa za kila mtu.

Mkuu wa zahanati alikwisha kumpata mkosaji. Alimwandikia Karani barua ya onyo: uzembe kazini. Hakuuliza swali hata moja. Mnyonge hana haki.

Aliyeuliza ni jirani wa Karani, fundi wa kompyuta wa zahanati hiyohiyo. Watu humwita Bi Waya. Jumatatu aliingia chumba cha kadi, akavuta kigoda.

"Nionyeshe mama ameandikwa wapi."

Karani akamwonyesha kwenye skrini:

<vidonge>kama juu</vidonge>

Bi Waya alifumba macho. "Hii 'kama juu' umeitoa wapi, dada?"

"Kwenye kadi. Nesi akirudia dozi ileile haandiki namba. Anachora vistari viwili. Maana yake kama juu. Karani aliyenitangulia ndivyo alivyonifundisha."

"Kwenye kadi, juu kuna mwezi uliopita. Kwenye faili, juu ya mama yako kuna nani?"

Karani alitazama. Juu ya mama yake kulikuwa na fundi cherehani mwenye pumu.

"Umeona? Mashine ya bohari ilitafuta namba, ikakuta maneno. Ikamruka mama. Haikupiga hata chafya."

"Mbona kompyuta yetu ilisema faili ni zima?"

"Iliulizwa swali la kitoto. Hili ni faili la XML. Kila habari inakaa kati ya lebo mbili, moja ya kufungua, moja ya kufunga. Kompyuta iliangalia tu kama kila lebo iliyofunguliwa imefungwa. Ni kama mlinzi anayekagua kama mfuko umefungwa. Ndani kuna dawa au mawe, hana habari."

"Na ndani anakagua nani?"

"Skima. Skima ni faili la masharti. Linasema kila mgonjwa aandikiwe nini, kwa mpangilio gani, na cha aina gani. Namba ya kadi: lazima iwepo, mara moja tu. Tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Vidonge kwa siku: namba kamili, kuanzia moja hadi nane. Kabla ya kutuma, kompyuta inalinganisha faili na skima. Huko ndiko kuhakiki. Ukikosea, faili halitoki, na unaambiwa kosa liko mstari wa ngapi."

"Kwa nini sisi hatuna?"

Bi Waya alishusha sauti. "Tunayo. Niliiandika miaka miwili iliyopita. Siku ya kwanza ilikataa mafaili yote. Mkuu akasema inamchafulia ripoti, wakubwa wake wataona tunachelewa. Akaniamuru niizime."

"Kumbe ni amri yake," Karani alisema. "Halafu mzembe ni mimi."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila na wewe usibweteke. Ukiandika vidonge vitatu badala ya viwili, skima itakubali, maana tatu nayo ni namba. Kadi utaisoma kwa macho yako."

Ijumaa ya mwisho ikafika. Mkuu alisimama mlangoni, saa mkononi.

"Tuma faili."

"Skima ikiwashwa nitatuma, Mkuu."

"Wewe mwenye barua ya onyo unanipangia kazi?"

"Barua ninayo. Na mimi nimekuandikia ya kwako." Karani aliweka karatasi mezani. Iliandikwa: Naamuru faili la dawa litumwe bila kuhakikiwa. "Weka sahihi hapo. Natuma sasa hivi."

Mkuu alishika kalamu. Akaiweka. Watu wa cheo husaini kila kitu isipokuwa kosa lao.

"Washeni hilo dude lenu," alisema, akaondoka.

Bi Waya akaiwasha. Skrini ikajaa. Mstari wa 212: "kama juu" si namba kamili. Mstari wa 260: "kama juu" si namba kamili. Wagonjwa arobaini na watatu! Wawili wengine hawakuwa na tarehe ya kuzaliwa.

"Wote hawa wamerukwa?" Karani aliuliza.

"Toa kadi," Bi Waya alisema. "Kulia baadaye."

Walitoa kadi moja moja. Walifuata vistari vya nesi kwenda juu, mpaka kwenye namba ya kweli. Walihakiki mara ya pili, likabaki kosa moja. Mara ya tatu faili likapita. Jua lilikuwa halijazama.

Wiki iliyofuata mama alipata dawa zake. Presha ikashuka. Manesi walikubaliana kuandika namba kila mwezi, vistari basi. Kwenye mkutano wa wafanyakazi, Mkuu alisimama akasifia "mfumo wangu mpya". Watu wakampigia makofi. Bi Waya aliikunja mikono yake.

Wiki hiyohiyo, dirishani, Karani aliita majina ya wale arobaini na watatu. Pakiti arobaini na mbili zilichukuliwa. Moja ilibaki, ya fundi viatu. Akaja mkwewe.

"Baba mkwe tumemzika," alisema. "Alikuja hapa mara mbili. Mlimwambia jina halimo. Leo limeonekana?"

Karani aliiweka pakiti kando. Alirudi chumba cha kadi, akafungua faili, akamtafuta fundi viatu. Kwenye sehemu ya hali ya mgonjwa, skima huruhusu maneno matatu tu: anatibiwa, amehama, amefariki.

Karani aliandika: tumemuua.

Skima ikakataa.

Akafuta. Akaandika: amefariki.

Likapita.