Miguu Mia Sita na Minne

Nyinyi mnaoishi katika parsele, viwanja vyetu vilivyobanana vya Nyalukemba, nipeni masikio yenu. Nataka kuwaambia habari ya nyumba moja iliyoharibika bila vita na bila ugonjwa. Sitawaacha mkisie ni nyumba ya nani. Ni yetu. Jina langu ni Joviale, na mkinikuta njiani baada ya kusoma haya, msinionee huruma.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mama yangu, Maman Colette, alikuwa ameketi mlangoni akichagua mawe katika mchele wa Luberizi. Mchele huo ulitumwa na watu wa kwao Consolate, binti wa marehemu dada yake, ambaye tulimlea tangu alipokuwa na miaka kumi na minne. Mimi na Consolate tulilala kitanda kimoja, tukavaa viatu vile vile kwa zamu. Sasa alikuwa amemaliza miaka mitatu ya chuo cha uuguzi. Siku hiyo alikuwa akipiga pasi ya makaa blauzi yake nyeupe, huku barua imekunjwa vizuri mezani. Hospitali moja upande wa Katana ilimkubali kazini. Sharti lilikuwa moja: apeleke karatasi ya pointi zake za miaka yote mitatu, ile tunayoita relevé, kabla haijapita Ijumaa ya wiki ya tatu toka siku ile.

Kisha moshi wa rangi ya kutu ukaingia toka nyuma ya jiko.

"Papa Gracien!" mama akampigia baba kelele. "Moshi yako inaingia mu muchele!"

"Vumilia kidogo, Colette. Iko karibu kwisha."

"Njo vile ulisema jana."

"Ya jana ilikuwa ingine."

Consolate akamgeukia baba akicheka. "Tonton, nikifika Katana nitakutumia masque za hospitali. Ata mbili."

"Tuma kumi," baba akajibu, macho yamemwiva. "Huyu maman yako iko na pua ya douanier wa ku mupaka. Hakuna kintu inamupita."

Tulicheka wote. Ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka sisi wanne tukicheka pamoja.

Niwaeleze moshi ule ulitoka wapi. Baba ni fundi wa kompyuta. Alizaliwa Mwenga, katika familia ya wachimba dhahabu, akakimbia mashimo akiwa kijana ili asome. Alijivunia kwamba mikono yake haina tope. Lakini siku moja alisikia kwamba ndani ya kompyuta za zamani mna dhahabu. Ni kweli, imo. Prosesa, kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote za mashine, kina miguu mingi tumboni, myembamba kama sindano, iliyopakwa dhahabu. Baba alinunua asidi, akaanza kukata miguu na kuichemsha.

Sasa, ili ajue kipande kipi kina faida, alihitaji kusoma fishi zake, zile karatasi zinazoeleza kila prosesa ilivyo. Nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza, na msomaji wa Kiingereza nyumbani nilikuwa mimi. Nina diploma ya Taifa, ya kumaliza sekondari. Parsele nzima huniletea barua zao niwasomee na kuwafasiria. Hakuna aliyewahi kusema kwamba Joviale amekosea neno. Nililijua hilo, nikatembea nalo kama mtu aliyevaa kitambaa kipya.

Fishi ya kwanza ilikuwa ya prosesa ya mwaka 1995, nzito, mwili wake wa udongo wa kuchomwa kama sahani. Nilianza kwa raha zangu: mwendo wake megahezi mia mbili, akiba yake ya ndani kilobaiti mia mbili hamsini na sita...

"Mama yangu, acha hizo," baba akanikatiza. "Sitaki mbio yake. Soma miguu."

"Mia tatu makumi nane na saba."

"Trois cent quatre-vingt-sept!" Alirudia kwa Kifaransa kama mtu anayeonja chumvi. Kipande kile kilimpa chembe ya dhahabu ya kuonekana kwa macho. Aliizungusha kwa majirani ndani ya kifuniko cha chupa. Tangu hapo, kila fishi ilisomwa hivyo hivyo: soma miguu, acha mengine.

Jumatatu baada ya Jumamosi ile aliniletea fishi nyingine. Karatasi ilikuwa na muhuri juu. Niliuona, na niliufahamu. Ulikuwa muhuri wa chuo cha Consolate, mahali ambapo baba alitengeneza mashine. Fishi ilikuwa ya serveur yao, ile mashine isiyo na kioo inayokaa pembeni ikitunza faili za kompyuta zote. Ndani yake mlikuwa na prosesa mbili za mwaka 2004, kila moja gigahezi tatu, mwili si wa udongo tena.

"Miguu?"

"Mia sita na mine kwa kila moja."

Baba akasimama. "Six cent quatre! Inapita ile ya kwanza kwa miguu mia mbili na zaidi. Na iko mbili! Mashini haitakufa juu ya kupoteza moja."

"Papa, hii si ni mashini ya chuo?"

"Wewe soma. Kuko kintu ingine?"

Kulikuwa na kitu kingine. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba kama prosesa ni moja tu, lazima iwekwe kwenye kiti cha kwanza, yaani tundu la kwanza la kuichomeka. Kiti cha kwanza kikiwa kitupu, mashine haiwaki. Macho yangu yaliupitia mstari ule mzima. Chungu kilikuwa kikichemka, baba alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa nimechoka kuambiwa niache hizo.

"Hapana, Papa. Njo hiyo tu."

Neno lile dogo ndilo lililotuangusha.

Jumatano baba alikwenda chuoni kupangusa vumbi la mashine. Akatoa prosesa moja. Katika viti viwili alichagua cha kwanza, kwa kuwa kilikuwa karibu na mkono. Kabla ya saa sita miguu yote ilikuwa imekatwa. Na mwisho wa moshi ule, unajua, msomaji, alipata nini? Doa. Uchafu wa chini ya kucha ni mwingi kuliko dhahabu ile. Prosesa za miaka ile mipya zilipakwa dhahabu nyembamba sana. Miguu ilizidi, dhahabu ikapungua. Mwaka ulikuwa umeandikwa kwenye fishi, na mwili wake pia. Nilivisoma, lakini hakuna aliyetaka kuvisikia.

Alhamisi Consolate alirudi toka chuoni na mikono mitupu.

"Serveur imekataa kuwaka," akasema. "Pointi za batu bote ziko mule. Papa Adalbert wa sekretaria anasema banaita fundi."

Fundi ndiye nani? Ni baba. Walimwita, akaenda, akaifungua mashine aliyoiua mwenyewe. Alidhani imekufa kwa kukosa kipande alichokata miguu, na hangeweza kukirudisha. Akamwambia Adalbert kwamba kifaa kimeungua, kiagizwe Kampala, wangojee. Alirudi nyumbani hakula.

Nami nilijua dawa. Prosesa ya pili ilikuwa bado salama kwenye kiti cha pili. Ilitosha kuihamisha kiti. Kazi ya dakika kumi! Ningemwambia baba pembeni, angekwenda kimya kimya, na hakuna mtu angejua lolote. Lakini ningelazimika kumwambia pia kwamba niliusoma mstari ule nikauruka. Mimi, Joviale, msomaji wa parsele nzima. Nikajisemea: labda kesho watagundua wenyewe. Kesho ikapita, na nyingine ikapita.

Kila asubuhi Consolate alivaa blauzi ile nyeupe akashuka chuoni. Kila adhuhuri alipanda.

"Bado?" mama aliuliza, mkono kifuani, maana kikohozi cha moshi kilikuwa kimemshika.

"Bado, Maman. Papa Adalbert ananiambia nisiwe napita kila siku, ati nitamaliza ngazi yake."

"Na Katana?"

"Nilibatumia mesaji. Banasema Ijumaa ni Ijumaa."

Wakati akisema hayo, mimi nilikuwa nikichambua sombe, majani ya muhogo, mbele yake. Niliinamisha kichwa nikahesabu majani. Mara moja aliniuliza, "Jovia, wewe unajuaka Kiingereza. Kama kuko kitabu ya mashini ile, si ungeisoma?" Nikamjibu kwamba mambo ya mashine ni ya mafundi. Ulimi wangu ninaousifu hivi uliweza kusema hivyo bila kutetemeka.

Ijumaa ile alikwenda Katana na barua tu. Walimsikiliza vizuri, wakamwonyesha mwingine aliyeleta karatasi kamili, ambaye walikwisha kumpa kazi. Jumamosi mchana alirudi. Alikunja blauzi yake, akaiweka chini kabisa ya sanduku. Kisha akachukua mfuko wa mchele uliokuwa umetoka Luberizi juma lile, akaupeleka mbele ya baba kwa mikono miwili.

"Tonton, hii ni ya kwako. Balinitumia miye, lakini umetembea sana juu yangu kwa ile mashini. Ata kama haikuwaka, umejaribu. Aksanti sana."

Baba hakunyoosha mkono. Mfuko ulibaki hewani. 

Nikasema. Sijui ni nani aliyenisukuma. Nilisema mstari ule wote, kwa Kiingereza kwanza, kisha kwa Kiswahili, neno kwa neno, pamoja na kiti cha kwanza na cha pili. Baba akanitazama kama mtu anayesikia jina lake likitangazwa kanisani.

"Uliisoma?" akauliza.

"Niliisoma, Papa."

"Na miye njo niliikata," akasema, si kwangu, kwa Consolate. "Mutoto wangu, haikuungua. Ni miye."

Mfuko wa mchele ukashuka polepole sakafuni. Mama alianza kulia, kikohozi kikamkatiza kilio.

Jumatatu tulikwenda chuoni watu watatu: baba, Consolate na mimi. Baba aliifungua mashine, akahamisha prosesa iliyobaki, akabonyeza. Ikavuma. Adalbert alitazama saa ya ukutani.

"Ni ile tu?" akauliza. "Kuhamisha kiti? Karibu wiki tatu nafukuza batoto ba batu hapa mulangoni, juu ya kiti?"

Baba alitoa mfukoni kile kipande kisicho na miguu, akakiweka mezani, akaeleza yote akiwa amesimama. Adalbert hakutukana. Alikisukuma kwa ncha ya kalamu hadi ukingoni mwa meza, kama mtu anayeondoa mdudu. "Chukua uchafu yako, muzee. Na funguo za salle ya mashini uniachie." Kisha akamchapia Consolate karatasi yake. Asilimia sabini na nane. Karatasi ilitoka ikiwa ya moto, mashine ikiendelea kuvuma, na hakukuwa na mahali pa kuipeleka.

Pointi hazikupotea hata moja. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Zilikuwa mle siku zote, nyuma ya kiti kitupu.

Kwenye ngazi Consolate aliniuliza, "Jovia, ulijua tangu siku gani?"

"Siku ya kwanza."

"Na kila asubuhi ulikuwa unanikamatia kioo nichane nywele."

Akashuka ngazi. Juma lile alirudi Luberizi na sanduku lake. Baba hakuitwa tena na ofisi yoyote ya mtaa wetu. Watoto wanamwita Papa Miguu, na yeye huitika. Mama bado anakohoa. Nimemwandikia Consolate mara tatu, hajajibu. Sina haki ya kulalamika.

FUNDISHO

Tamaa haimpofushi mtu macho yote. Inamwachia jicho moja, la kuona kile anachokitaka. Baba alihesabu miguu akaacha mwaka, akaacha mwili, akaacha muhuri wa wenye mali. Wazazi, kitu cha watu mlichokabidhiwa mkitunze si shimo la kuchimba, hata kama ni kikuukuu na kimekaa pembeni bila kioo. Huwezi kujua maisha ya nani yamewekwa ndani yake.

Nanyi wenzangu mliosoma, hili ni letu. Aliyeiba alikuwa mmoja, lakini aliyenyamaza alikuwa na dawa mkononi siku kumi na sita. Kosa la kwanza lilirekebishika kwa dakika kumi. Kiburi changu ndicho kilichokula nafasi ya Consolate. Haya ya kukiri mapema ni ndogo, inakaa shavuni saa moja na kuondoka. Haya ya kukiri baada ya Ijumaa kupita ninayo hadi leo.

Juma lililopita jirani yetu, Maman Constance, aliniletea karatasi ya hospitali. "Soma ya maana tu, Jovia," akasema, "miye niko na haraka."

Nilimpa kiti. Nikamsomea yote, kuanzia muhuri wa juu hadi herufi ndogo za chini.