Nigeuze, Baba Becky

Kila siku ya kazi, Oduor na mkewe Mercyline walitoka nyumbani Kawangware pamoja, saa kumi na mbili asubuhi. Mercyline alifanya kazi katika nyumba moja ya Lavington. Alifua, alipika na kupanga nyumba. Oduor alilinda geti la maghorofa huko Kilimani. Walitembea hadi njia panda, kisha kila mmoja akashika yake.

"Mama Becky, unatembea kama mtu anayefukuzwa," Oduor alizoea kumwambia.

"Wewe ndiye unayetembea kama bwana harusi," Mercyline alimjibu.

Binti yao, Becky, alikuwa katika shule ya bweni huko Siaya.

Jumanne moja, akiwa kazini, Mercyline alipanda ngazi ili atoe mapazia yakafuliwe. Ngazi ikateleza. Alianguka kwa kichwa. Alipojaribu kuinuka, mikono na miguu haikumtii.

Hospitalini, daktari alimweleza Oduor kwamba mfupa wa shingo ulikuwa umevunjika. Mfupa huo ulikuwa umezibana neva zinazopita ndani yake, zile zinazopeleka habari kutoka kwenye ubongo hadi mwilini. Mercyline alipasuliwa. Mfupa ukashikanishwa kwa chuma na skurubu.

"Upasuaji umeenda vizuri," daktari alisema.

Oduor alimshukuru Mungu. Alidhani mkewe angesimama baada ya siku chache. Lakini Mercyline hakusimama. Aliweza kuinua mabega na kukunja viwiko kidogo. Vidole havikusogea. Kuanzia kifuani kwenda chini, hakuhisi hata alipofinywa.

Baada ya wiki sita aliruhusiwa kwenda nyumbani. Alikuwa amevaa kola ngumu ya shingo, na amewekewa mpira wa kupitisha mkojo hadi kwenye mfuko. Muuguzi alieleza mambo mengi kwa haraka, maana wagonjwa wengine walikuwa wakimngoja. Oduor aliitikia kila jambo. Lakini walipofika nyumbani, alikumbuka moja tu: uangalie sana shingo.

Basi aliiangalia. Aliomba likizo kazini, akamlaza mkewe chali, akaweka mito huku na huku. Alimlisha. Alimnywesha. Alimfuta jasho. Hakumgeuza hata mara moja. Aliogopa kwamba zile skurubu zingefyatuka.

"Usijitikise, Mama Becky," alisema. "Niachie mimi kila kitu."

Mercyline alitazama mabati ya paa. Siku zikapita, naye akazidi kunyamaza.

Siku ya kumi, jirani yao, Mama Debra, alikuja kusaidia kumwogesha. Alisimama kando ya kitanda, akakunja uso.

"Baba Becky, kuna harufu hapa."

Walimgeuza ubavu kidogo kidogo, Oduor akishika kichwa. Chini ya mgongo, juu kidogo ya makalio, palikuwa na kidonda chenye ukubwa wa kizibo cha soda. Kingo zake zilikuwa nyeusi.

"Mbona hukuniambia?" Oduor aliuliza.

"Ningekuambiaje?" Mercyline alisema. "Sisikii kitu huko."

Oduor alitoka nje, akasimama karibu na tangi la maji. Siku zote hizo alikuwa amekaa kando ya kitanda, yeye mlinzi kwa kazi yake, na kidonda kimekua mbele ya macho yake. Aliona aibu hata kurudi ndani.

Mama Debra alimfuata. "Nina binamu yangu, Musili. Anatengeneza simu katikati ya jiji. Aliumia mgongo kwenye ajali, sasa ni mwaka wa kumi na moja. Anatumia kiti cha magurudumu. Mambo haya anayajua. Nimpigie?"

Musili aliposikia habari hiyo kwenye simu, neno lake la kwanza lilikuwa, "Msingoje kesho. Kidonda hicho kikaonwe leo."

Siku hiyo hiyo walienda hospitali. Muuguzi alikisafisha kidonda na kukifunga. Alimwambia Oduor asipake dawa ya mtaani, wala spiriti, wala asikisugue. Mercyline asikilalie hadi kipone. Warudi kila baada ya siku mbili.

Jumamosi Musili akaja. Rafiki yake alimleta kwa gari. Oduor alimkaribisha, akaanza kumsimulia yote. Musili alimsikiliza kidogo, kisha akakisogeza kiti chake hadi kitandani.

"Mercyline, sasa? Mimi ni Musili. Naomba ruhusa ya kuzungumza juu ya mwili wako."

Mercyline alimtazama. Machozi yakamtoka.

"Tangu nianguke," alisema, "wewe ndiye wa kwanza kuniomba."

Oduor alitazama sakafu.

"Basi nitasema na wewe," Musili akaendelea, "na Baba Becky atasikiliza. Chuma kile kimeshika mfupa. Hakijaponya neva. Neva hupona polepole sana. Nyingine hurudi baada ya miezi, au hata mwaka na zaidi. Nyingine hazirudi. Hakuna anayeweza kukuahidi. Lakini jinsi unavyotunzwa sasa ndiyo itakayoamua utakuwa na afya gani wakati unangoja."

"Na kidonda?" Mercyline aliuliza.

"Mtu asiyeumia hujigeuza hata usingizini. Ngozi ikibanwa, humwambia. Yako haiwezi kukuambia. Ikibanwa muda mrefu haipati damu, nayo hufa. Kwa hiyo ni lazima ugeuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku."

"Nami naogopa kuvunja shingo," Oduor alisema.

"Hutaivunja ukifanya vizuri. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitalini atawaonyesha kwa vitendo. Mmoja anashika kichwa na shingo. Mwingine anashika bega na nyonga. Mnahesabu pamoja, kisha mwili wote unageuka kwa pamoja, kama gogo. Kola isivuliwe hadi daktari aseme."

"Watu wa kanisani wanasema kuna mama wa kuchua shingo," Mama Debra alidakia.

"Hapana," Musili alisema. "Shingo iliyopasuliwa haichuliwi. Lakini mikono na miguu inyooshwe kila siku, kama mtakavyoonyeshwa. Na kila asubuhi na jioni mtazame ngozi: visigino, nyonga, mgongo. Kwa ngozi yetu nyeusi, tafuteni mahali palipokolea rangi, au pagumu, au pa moto. Ale mayai, maharagwe, samaki wadogo wa omena. Anywe maji."

Kisha akasema kwa uzito zaidi.

"Kuna jambo moja linaloua. Aliyeumia shingo, mwili wake ukipata shida huko chini, hawezi kusikia maumivu. Mwili utalalamika kwa njia nyingine. Kichwa kitauma ghafla kama kinapasuka. Uso utatoka jasho. Presha inapanda. Ukiona hivyo, usilazwe. Ukalishwe. Nguo zilegezwe. Mpira wa mkojo uangaliwe kama umekunjika au umeziba. Isipotulia upesi, mkimbilie hospitali. Mercyline, rudia hayo."

"Mimi?"

"Wewe. Hujapoteza mdomo. Siku hiyo huenda Baba Becky yuko kazini."

Mercyline alirudia. Alikosea mara ya kwanza. Mara ya pili akayasema yote.

Tangu siku hiyo mambo yakabadilika chumbani. Oduor na Mama Debra walifundishwa hospitalini, na Mercyline akawa ndiye msimamizi.

"Baba Becky, saa mbili zimeisha. Nigeuze. Mama Debra, shika kichwa kwanza. Haya, moja, mbili, tatu."

Asubuhi moja, wiki tatu baadaye, Oduor alikuwa akipiga pasi shati la kazi, maana likizo yake ilikuwa inakwisha. Alisikia Mercyline akiguna. Uso wake ulikuwa umeiva, na jasho lilimtiririka kwenye paji.

"Kichwa," alisema. "Kinapasuka."

Mama Debra alikuja mbio. "Mlaze vizuri! Tumwekee kitambaa cha maji baridi!"

"Msinilaze!" Mercyline alipaza sauti. "Nikalisheni! Miguu ishuke chini! Baba Becky, angalia mpira!"

Walimkalisha, Mama Debra akashika shingo, miguu ikaning'inia kando ya kitanda. Oduor akafunua shuka. Mpira ulikuwa umekunjika chini ya paja. Mfuko wa mkojo haukuwa na hata tone. Alipounyoosha mpira, mkojo ukaanza kutiririka. Aliendelea kuushika.

Walingoja. Dakika moja. Mbili. Tano. Uso ukarudia rangi yake ya kawaida.

"Kinapungua," Mercyline alinong'ona.

Hata hivyo walimpeleka hospitali akapimwe presha. Ilikuwa imeshuka. Daktari aliuliza nani aliyejua la kufanya. Oduor alimwelekezea mkewe kidole.

Kidonda kilichukua miezi mitatu kufunga. Oduor alirudi kazini, zamu za mchana. Wakati huo wa mchana Mama Debra na dada wawili wa kanisa walipokezana kwa Mercyline, naye akiwaelekeza. Alipata kiti cha magurudumu na mto wake maalumu, na aliwakumbusha wamwegemeze mbele kila baada ya muda mfupi. Kola ilivuliwa. Kiganja cha kulia kilianza kuinuka, ingawa vidole bado vililala. Miguu haikurudi. Siku nyingine Mercyline alilia kwa ajili hiyo, na Oduor alijifunza kukaa naye bila kumwambia anyamaze.

Jioni moja, mtaalamu wa mazoezi akiwa amewapa ukanda wa kufunga kijiko mkononi, Oduor aliweka sahani ya wali na maharagwe mbele ya mkewe. Alikichukua kijiko ili amlishe, kama kawaida.

"Nifunge," Mercyline alisema.

Akamfunga. Kijiko kilikwenda, kikamwaga. Kikaenda tena. Maharagwe yaliangukia mapajani. Oduor alinyoosha mkono, akaurudisha. Akaukalia.

Ilichukua karibu saa nzima. Chakula kilipoa. Mercyline alitafuna kijiko cha mwisho taratibu, akameza, akamtazama mumewe.

"Umezidisha chumvi," alisema. "Nimevumilia miezi yote hii. Kesho punguza."