Adapta Iliyobadilishwa

Jumapili baada ya ibada, watu walikuta ruta ya intaneti ya kanisa imekufa, chumba kinanuka plastiki iliyoungua. Adapta yake haikuwepo. Kwenye tundu ilichomekwa nyingine, nyeusi.

Chumba hicho, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ndicho walichotumia kuongea kwa video na jamaa zao waliohamishiwa ng'ambo. Waumini walikasirika. Maître Grégoire, kiongozi wa kwaya na fundi wa vyombo vya kanisa, alimwita mfagizi Munezero mwizi mbele ya wote.

Inspekta Ainembabazi alimweka Munezero mahabusu.

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi, afande. Na pasta, na Maître."

"Hao hawafagii. Adapta umeuza wapi?"

"Sikuuzisha kitu. Mutoto wangu ananyonya, afande. Banileteye yeye."

Inspekta alifunga mlango.

Kesho yake alipeleka ile adapta nyeusi Mbarara, kwa Faizo, fundi wa umeme wa mtaa wa Ruti.

"Afande! Umekuja kunikamata ama kuchaji simu?"

"Hii imeua ruta."

Faizo aliigeuza. "Soma hapa. Volti ishirini na nne. Hii ya printa. Ruta inataka kumi na mbili. Tundu ni saizi moja, inaingia tu vizuri. Halafu moshi."

"Kwa nini mwizi aache nyingine?"

"Mwizi? Aa, nyabo, mama yangu, mwizi anabeba anaenda. Huyu alitaka nyinyi msione." Alikuna kidevu. "Ijumaa alikuja mzee mmoja wa Nakivale. Anataka adapta ya kinanda. Hiyo nayo ni kumi na mbili, sawa na ya ruta. Sikuwa nayo. Nikamwambia rudi Jumatatu. Akasema kwaya yake inaimba Jumapili."

Uso wa Inspekta ulipata moto. Swali la adapta iliyoachwa lilikuwa la kuulizwa kabla ya kufunga mlango.

Nyumbani kwa Grégoire, kinanda kilikuwa kimefunikwa kitenge. Inspekta alivuta waya wake mpaka mwisho.

"Adapta hii ya nani, Maître?"

Grégoire hakubisha. "Ya ruta."

"Eleza."

"Yetu ya kinanda iliungua. Wageni ba Mbarara balikuwa banakuja kusikiliza kwaya. Nikasema nitarudisha kisha ibada. Nikachomeka ile ya printa ya zamani, mutu asione. Iliingia muzuri."

"Hukuuliza mtu kama inafaa?"

"Bote banajua mimi njo fundi. Ningeuliza namna gani?"

"Na Munezero?"

"Batu balisikia harufu, bakaniangalia mimi. Nikaogopa haya. Jina lake njo lilitoka mu kinywa."

Kituoni, Munezero alitoka mahabusu blauzi yake imelowa maziwa kifuani. Grégoire alipiga magoti.

"Unisamehe, mama."

"Simama, Maître. Hapa hakuna mutu alisikia nikiitwa mwizi. Ukaseme kanisani, fasi ileile ulisimama."

Grégoire alifunika uso kwa mikono.

Munezero akamgeukia Inspekta. "Na weye, afande? Utakuja?"

Askari wa zamu aliinamia meza yake, akijifanya hasikii. Inspekta Ainembabazi alivua kofia.

"Nitakuja," alisema kwa sauti ndogo. "Nitaanza mimi kuomba radhi. Lakini kwanza twende kwa mtoto."