Anayekimbia Mwisho

Mimi si mtu wa kutishika ovyo. Nafanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti hapa kijijini kwetu, si mbali na Ulemo, na mtu anayeshinda kwenye makelele yale hana nafasi ya kusikia mizimu. Wateja wakianza habari za fulani kalogwa, fulani kachukuliwa msukule, mimi huwaambia wasogeze magunia yao, foleni ni ndefu. Lakini haya yalimpata mdogo wangu Severina, mtoto wa mama mdogo, na mengine niliyaona kwa macho yangu. Humu ndani kuna mtu mmoja ambaye jina lake nitalitaja mwisho. Tukifika huko utajua kwa nini.

Severina alitoka Mitundu miaka mitatu iliyopita, wakati wa baridi, akiwa kidato cha pili. Mama yake alikuwa ameolewa upya, na mume mpya alishasema wazi kwamba hasomeshi mtoto asiye wake. Mama yangu aliposikia hivyo alipanda basi mwenyewe kwenda kumchukua. Walipofika, mtoto alikuwa na begi moja tu na sweta la kijani la shule yake ya zamani. Akaniamkia vizuri, akala ugali na mlenda, halafu akaniuliza kama shule ya hapa hufukuza watu kwa urahisi. Mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema akishindwa hapa hana pa kurudi.

Sare ya shule yetu ni sweta la bluu. Fundi alikuwa na kazi nyingi, kwa hiyo Severina akaanza na lile la kijani, na kabla ya uji wa saa nne wenzake walikuwa wameshampa jina: Mchicha. Kama umewahi kuhama shule unajua ilivyo. Hujui choo kiko wapi, hujui mwalimu gani ana fimbo nyepesi, unacheka utani usiouelewa ili usionekane unaringa. Alikuwa akirudi jioni na kukaa jikoni na mama.

Kisha msichana mmoja wa darasa lake akamsogezea nafasi kwenye dawati. Huyo nitamwita mwenyeji wake. Wakawa wanakuja wote nyumbani jioni kufanya hesabu, na mama, ambaye hawezi kumwona mtoto wa mtu bila kumpa chakula, akazoea kupakua sahani nne: yake, yangu, ya Severina na ya mwenyeji. Siku moja waliniomba niwaandikie majina kwenye madumu yao ya kubebea maji ya shule, maana madumu huibwa. Nikayaandika kwa rangi nyekundu ya mashine, herufi kubwakubwa, nao wakaucheka mwandiko wangu mpaka wakakaa chini.

Sasa, shule ile kila alfajiri ina mchakamchaka. Wanafunzi wote hukimbia kwa mstari mpaka kwenye mawe makubwa ya kule juu na kurudi, wakipita mbele ya nyumba yetu, kiranja Kefa mbele akianzisha wimbo na wengine wakiitikia. Kulikuwa na desturi mbili ambazo hakuna aliyezieleza. Mgeni wa kuhamia hukimbia mwisho mpaka aje mgeni mwingine. Na mstari hausimami, hata mtu akianguka.

Mwenyeji alimnong'oneza Severina siku ya kwanza kabisa.

"Ukisikia mtu anahema nyuma yako, usigeuke," alimwambia. "Wala usimsubiri."

Severina alidhani ni maneno ya kutishia wageni. Lakini yule msichana hakuwa anatania. Yeye ndiye aliyekuwa mgeni kabla ya Severina, na kwa mwaka mzima alikuwa amekimbia mwisho. Severina aliona jinsi alivyosogea mbele hatua moja kwenye mstari, na jinsi mabega yake yalivyoshuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Siku za mwanzo alisikia miguu yake tu. Baadaye akasikia mingine. Ilikuwa miguu mitupu, inaburuta vumbi, haipo mbali. Akajiambia ni mwangwi wa mawe. Siku iliyofuata akasikia pumzi. Mtu anahema kwa shida, kifua kinapiga filimbi. Severina akafanya kama alivyoambiwa, akakaza macho kwenye mgongo wa mwenyeji wake na kuimba kwa sauti. Yule wa nyuma akaitikia wimbo.

Kule Mitundu shule yake ilikuwa ukingoni mwa pori, na tembo hupita. Walikuwa wamefundishwa tangu shule ya msingi kwamba anayekimbia mwisho ndiye mlinzi wa mstari: mwenzao akibaki, yeye hupaza sauti, "Nyuma subiri!" na wote husimama mpaka aliyebaki afike. Ilikuwa imewaingia kwenye damu, hata usingizini wangeisema. Kwa hiyo asubuhi ile, jirani na mawe, sauti ya mtoto ilipokohoa nyuma yake na kusema, "Nisubirini," mdomo wa Severina ulifunguka kabla ya akili kufika.

"Nyuma subiri!"

Mstari ukasimama. Hawakuwahi kuambiwa hivyo, wakasimama kwa mshangao tu. Kefa akageuka na hasira zake. Nyuma hapakuwa na mtu, vumbi tu linashuka. Kisha kitu kikampita Severina begani. Kilikuwa na baridi ya mtungi. Kikapita, kikaenda mbele, na mstari ukaanza kukimbia tena bila mtu kuuliza neno. Ila mwenyeji wake alikuwa analia huku anakimbia.

Darasani, dawati la nyuma, alikaa mvulana ambaye Severina hakuwahi kumwona. Sweta lake la bluu lilikuwa limechujuka karibu kuwa jeupe, na hakuwa na viatu. Severina akauliza yule ni nani. Wakamshangaa. Wakasema si ni Peniel huyo, tuko naye tangu kidato cha kwanza. Mwalimu Calist akamuuliza swali, naye akasimama, akakohoa, akajibu vizuri sana. Mwenyeji peke yake ndiye aliyeinamisha kichwa mezani.

Kuanzia hapo Severina akaanza kuwatoka watu akilini polepole. Mwalimu Calist akagawa karatasi za jaribio akampita. Fundi akasema hakumbuki kupima sweta la mtu huyo. Wale wa "Mchicha" wakaacha kumwita Mchicha. Unaweza kudhani ni nafuu. Aliniambia baadaye kwamba hakuna kilichomuumiza kama hicho, maana hawakuwa wamemzoea. Walikuwa hawamwoni.

Jioni moja mama akapakua sahani tatu. Yake, yangu, ya mwenyeji. Severina amekaa hapohapo kwenye kigoda. Mwenyeji akasukuma sahani yake katikati, wakala wote wawili, na mama akamwuliza mbona leo ana njaa hivyo.

Mimi nilijiona mjanja, nikamcheka mama kwa usahaulifu. Kesho yake nilirudi kutoka mashineni, nikakuta msichana amesimama uani. Nikamkaribisha. Nikamwuliza anamtafuta nani.

Alinitazama tu, machozi yanashuka. Nami nikaanza kuudhika, nikitaka kumwambia anayemtafuta hayupo, arudi baadaye. Ndipo nikaona mkono wa sweta lake la kijani. Palikuwa na alama ya kuungua, ya pasi ya mkaa. Pasi ile niliishika mimi. Nilikuwa nimemsahau mtoto tunayelala naye nyumba moja.

Niliogopa, nasema wazi. Sijawahi kuogopa vile.

Nilimkamata mkono nikampeleka kwa mama, nikamtajia jina lake mpaka macho ya mama yakamrudia. Severina akatueleza yote. Mama alipolisikia jina la Peniel akafunga mlango, ingawa jua lilikuwa bado halijazama. Akasema kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini, kwamba shule ilipokuwa mpya aliletwa mvulana mgeni, mwenye kifua kibovu. Aliachwa kwenye mawe wakati wa mchakamchaka kwa sababu mwalimu wa zamu alikataza mtu kusimama. Walimtafuta mpaka wakakata tamaa. Wengine walisema fisi, wengine wakasema amechukuliwa. Baada ya hapo kila aliyekimbia mwisho alimsikia.

"Mstari ule haupungui wala hauzidi," mama akasema. "Akiingia mmoja, anatoka mmoja."

Tukakubaliana asiende tena shule. Usiku ule mama alifunga mlango mapema, akaweka komeo, na Severina, aliyekuwa ametoka kwenda chooni, akabaki nje, anagonga. Mama aliniuliza ni nani anagonga. Nami, Mungu anisamehe, ilibidi nifikiri kwanza. Kwa hiyo kukaa nyumbani hakukuwa dawa. Kama kulikuwa na dawa, ilikuwa kwenye ule mstari.

Alfajiri nikaenda naye. Nilishikilia mkono wa lile sweta njia nzima na kulitaja jina lake kila hatua. Mstari ulipotoka shuleni akaingia mwisho, mimi nikakata njia ya mkato na kwenda kusimama kwenye mawe. Baridi ilikuwa kali, na upepo wetu wa Singida mnaujua. Nikasikia wimbo unapanda. Kefa akatokea. Wakapita mmoja mmoja. Peniel akapita katikati yao, haimbi, anatazama chini. Mwenyeji akapita. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Kisha nikamwona, mbali. Alikuwa anakimbia kwa nguvu zake zote, mikono inakata upepo. Wale wa mbele walikuwa wanakimbia taratibu. Na bado nafasi ilikuwa inaongezeka. Kila alipokanyaga, njia ilirefuka. Nikapiga kelele. Nikamwita Kefa kwa jina. Akageuka, akatazama kule nyuma, akaniamkia, akaendelea kuimba.

Nikataka kumwita yule wa nyuma. Nikafungua mdomo. Jina halikuja.

Nilisimama pale na mdomo wazi. Msichana mmoja anakimbia, sweta la kijani. Wa nani yule?

Ndipo yule wa mwisho kwenye mstari akapunguza mwendo. Alikuwa amesikia pumzi. Alikuwa anaijua sheria kuliko wote, na alikuwa ameshaona bei yake. Nilimwona akiendelea hatua chache, amekaza mgongo, ngumi zimefumbwa. Akasimama. Akageuka.

"Nyuma subiri!"

Mstari ukasimama. Severina akafika, akamwangukia kifuani, na jina lake likanirudia lote kwa mara moja. Nikalia kama mtoto. Yule msichana akamshika mabega, akamsogeza mbele yake, akamgeuza uso utazame wenzake. Akamwambia kitu sikioni. Kefa akaanzisha wimbo na wote wakateremka. Mimi nikawafuata kwa macho, namwangalia Severina wangu tu. Sikuangalia nyuma yake. Hakuna aliyeangalia.

Siku hiyohiyo wakamwita Mchicha, naye akarudi nyumbani anacheka na kulia. Fundi akaleta sweta la bluu akiomba radhi kwa kuchelewa. Jioni Severina akanieleza yote kuanzia mwanzo, na neno aliloambiwa sikioni: "Usigeuke." Alipofika kwenye jina la aliyelisema akasita. Akakunja uso. Akaniambia labda ni Kefa.

Hapo nikaelewa, na tayari mimi mwenyewe habari za yule mwenyeji zilikuwa zinanitoka. Nilitoka uani nikajisimulia habari yote tena na tena, kama mtoto anayekariri, mpaka jogoo akawika. Nilichokikariri ndicho ninachokusimulia. Sura yake haimo. Sauti yake haimo. Kama alicheka vipi siku ile ya madumu, sijui.

Mama mpaka leo anapakua sahani nne. Huishika ile ya nne, huitazama, halafu huifunika na kusema labda atakuja mgeni. Peniel amemaliza kidato cha nne na amefaulu.

Na mlangoni kwetu kuna dumu la njano. Limeandikwa EMILIANA kwa rangi nyekundu, kwa mwandiko wangu. Mara ya kwanza nililikuta limejaa maji alfajiri, nikayamwagia miche. Kesho yake lilikuwa limejaa tena, na kwenye vumbi palikuwa na nyayo za mtu mmoja, zinakuja mlangoni, hazirudi. Siyamwagi tena maji yale.

Mchakamchaka unapopita mimi husimama barabarani. Mtoto wa mwisho akishapita, nabaki kidogo. Pumzi naisikia. Neno linanijaa mdomoni, maneno mawili tu, nami nakaza meno, maana nikiita nitatoka mimi, na mama yangu hana mtoto mwingine.

Ninachoweza ni kulitaja jina. Kwa hiyo nalitaja, kwa wateja, kwenye foleni, na sasa kwako. Juzi Severina alinisikia. Akalisogelea dumu, akapitisha kidole kwenye herufi, akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za mgeni.

"Kaka, Emiliana ndiye nani?"