Aliyefagia Nyumba ya Kale

Magharibi moja ya mwaka tisini na nane, upepo wa vumbi uliivamia Matrah, mji wa bandari wa Omani. Bibi Khole akamwita Mwanakheri, msichana wake wa kazi kutoka Tanga.

"Nenda nyumba ya pili, kafunge madirisha ya juu. Mafundi wameyaacha wazi."

Nyumba ya pili ilikuwa ya kale, ya ukoo wa Bibi Khole, imehamwa zamani. Sasa ilikuwa ikikarabatiwa ili wageni waje kuitazama. Mwanakheri akapanda ngazi za mawe. Kulinuka chokaa mbichi... na karafuu maiti.

Ile wanayotiwa wafu.

Kisha akasikia ufagio. Kwaru... kwaru...

Mwanamke alikuwa ameinama, amempa mgongo. Kisigino chake kilikuwa na kovu la moto. Mwanakheri alilijua kovu lile. Alilimwagia maji kwa mikono yake mwenyewe, siku walipomwosha Siwema, rafiki yake wa tangu utotoni aliyekuja naye kufanya kazi, akafa kwa homa hapa hapa Matrah kabla ya Ramadhani.

"Siwema?"

Ufagio ukanyamaza.

"Usiniite jina," akanong'ona bila kugeuka. "Atasikia."

"Nani? Twende zetu!"

Akamshika mkono, akavuta. Mkono ulikuwa na joto, mkono wa mtu hai. Lakini mwili haukusogea hata kidogo, kana kwamba miguu imejengewa sakafuni.

"Huniwezi, Kheri. Nimeshazikwa."

Chini, fimbo ikagonga ngazi.

Ko.

Ko.

Siwema akaanza kufagia mbiombio. Mwanakheri akamwachia, akatokea dirishani, akateremkia jukwaa la mafundi huku analia.

Bibi Khole alikuwa akimngoja mlangoni mwa nyumba yake. Alisikiliza yote, hakushangaa.

"Sisi twawaita maghayibu. Kwenu mwasema misukule." Akamkamata bega. "Hukumwona na msichana wa shungi la kijani?"

"Sikumwona, Bibi. Ni nani?"

"Mwanangu. Tulimzika angali mwari. Nna miaka namsikia ukutani, na ngazi zile siziwezi. Ndo nikakutuma."

"Tuite masheikh!"

"Nshawaita. Wakasoma dua hapa uani... na kule juu mtu akaitikia amina."

Ijumaa, mama yake Siwema akapiga simu kutoka Tanga.

"Kaburi la mwanangu mnalitazama?"

"Twalitazama, mama."

"Amepumzika?"

Mwanakheri akatazama madirisha ya juu ya nyumba ya pili.

"Amepumzika."

Mama akashukuru, akalia kidogo, akakata simu.